Bunduki ya mashoto, tena mtumba: jinsi ya kuomba kibali Uganda kabla hujatoa pesa

Bunduki kubwa ya mashoto ikipatikana Uganda, sisi wenye mashoto tunaofanya kazi porini tunapata habari siku ileile. Hatuko wengi, na bunduki zenyewe ni za kuhesabu kwa vidole. Mimi nilipigiwa simu nikiwa Moroto, kule Karamoja: mzee mmoja aliyewahi kuwindisha wageni anauza bunduki ya kipimo cha .375 H&H, bolti, kile chuma cha kuvuta na kusukuma kupakia risasi, iko kushoto, bei ya kutupa. "Kijana wangu, kuna mwingine anakuja Ijumaa."

Huyo mwingine hakuwapo, nilikuja kujua baadaye. Na hata angekuwapo, asingeondoka na bunduki ile Ijumaa wala Ijumaa iliyofuata, maana kwetu karatasi hutangulia, pesa ikafuata. Ukishikilia hilo, haraka ya muuzaji haikupati.

Unaihitaji kweli?

Anza hapa kabla hujapanda hata boda. Cheti cha bunduki hakikupi ruhusa ya kuwinda, na wengi hujikwaa hapo. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1979, ukarudishwa kwa majaribio mwaka 2001 kandokando ya Ziwa Mburo, kisha ukafunguliwa sehemu nyingine, Karamoja ikiwamo. Leo Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inataka haki ya matumizi ya daraja A, yaani ruhusa ya kuwinda, na kwa kawaida mwenye nayo ni kampuni ya uwindaji. Idadi ya wanyama hupangwa na mamlaka ya wanyamapori, UWA, na askari wake hufuatana na msafara. Ukienda kinyume na hapo wewe ni jangili, hata kama cheti chako cha bunduki kina mihuri kumi.

Kwa hiyo kama unawinda mara moja kwa miaka miwili kama mteja, azima ya kampuni, hata kama bolti iko kulia. Utalalamika siku tatu, basi. Anayestahili kusumbuka na makaratasi haya ni yule ambaye kazi yake ni kusimama nyuma ya mgeni nyati aliyejeruhiwa akigeuka.

Utakutana pia na mtu wa kukuambia .375 ni kubwa mno, eti Bell, yule mwindaji Mskoti wa zamani aliyeitwa "Karamojo", alimaliza tembo kwa mamia na bunduki ndogo ya 7×57. Ni kweli, alifanya hivyo. Wewe si Bell. Risasi ya .375 ina uzito wa gramu 19 hivi na hutoka kwa kasi ya karibu mita 770 kwa sekunde. Tangu mwaka 1912 wawindaji wa Afrika wameiamini kwa nyati, na risasi zake ni rahisi kupata kuliko za .404 au .416. Ukiuziwa kipimo ambacho risasi zake hazipatikani, umenunua rungu la bei ghali.

Ikague, lakini usiibebe

Bunduki ikaguliwe mbele ya mwenyewe, cheti chake kikiwa mezani. Usikubali kwenda nayo nyumbani "uijaribu wikiendi". Ukikamatwa nayo, hiyo ni bunduki usiyo na cheti nayo, na urafiki wenu hautasaidia kituoni.

Kwanza hakikisha ni ya mashoto kweli. Nimewahi kuonyeshwa bunduki ya kawaida iliyochongewa kitako kipya chenye mto wa shavu upande wa kulia, ikaitwa ya mashoto. Ya kweli ina mkono wa bolti kushoto na dirisha la kutolea maganda kushoto, na kufuli ya usalama inafikiwa na kidole gumba cha kushoto bila kulegeza mshiko. Hili si jambo la starehe. Bunduki ya kawaida ina dirisha la maganda upande wa kulia, na ganda likipasuka gesi inaweza kutokea hapo, mbali na uso wa mtu wa mkono wa kulia. Ukiiweka begani kwa kushoto, uso wako ndio uko huko. Na unapotaka risasi ya pili, mkono wako unapita juu ya darubini kwenda kuitafuta bolti ng'ambo. Nyati hangoji mkono ufike.

Halafu kagua chuma na mbao. Toa bolti, elekeza mtutu kwenye mwanga, uchungulie kutoka nyuma: mifereji iwe mikali, isiwe na vishimo vya kutu. Mdomo wa mtutu usiwe na pigo hata dogo. Kwenye mbao, tafuta nyufa nyuma ya bolti na katikati ya magazini na kifyatulio. Bunduki za teke kubwa hupasukia hapo, na muuzaji mjanja hujaza gundi na kupaka mafuta. Pitisha risasi bandia nne au tano kutoka magazini, polepole kisha kwa nguvu. Zikikwama sebuleni, porini zitakwama zaidi. Fundi bunduki akupimie pia nafasi kati ya bolti na kitako cha risasi. Hiyo haionekani kwa macho.

Mwisho, nambari. Bunduki ya mzee wangu cheti chake kilionyesha nambari inayoishia na 3. Chuma nacho kilionekana hivyo, chini ya grisi iliyokauka. Nikachukua kitambaa chenye mafuta, nikasugua, ile 3 ikafunga upande wa pili ikawa 8. Mzee alinyamaza kidogo, akavaa miwani, akasema, "Miaka yote hii!" Hakuwa tapeli, karani fulani zamani alinakili vibaya. Lakini ningelipa siku ile ningekuwa na bunduki ambayo kwenye daftari la polisi haipo. Nilimwambia arekebishe kwanza kwa jina lake mwenyewe. Ilichukua wiki sita. Bei haikupanda.

Maombi yenyewe

Ndipo uandike barua. Inaelekezwa kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, na uwe umetimiza miaka 25. Eleza sababu kwa sentensi chache: kazi yako, eneo, aina ya bunduki na kipimo chake. Usiandike "ulinzi binafsi" kwa bunduki ya nyati. Utaulizwa unajilinda na nani.

Barua haiendi Kampala moja kwa moja. Inapanda ngazi: mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) anayekujua kwa sura, GISO (afisa wa usalama wa ndani) wa gombolola, DISO (mwenzake wa wilaya) na RDC (mwakilishi wa Rais) wilayani, mkuu wa polisi wa wilaya, kisha wa mkoa. Kila mmoja anaandika maoni yake na kugonga muhuri. Ambatanisha nakala ya kitambulisho cha taifa, picha za pasipoti, cheti cha tabia njema kutoka Interpol, cheti cha afya ya akili (wengi huenda Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili), uthibitisho wa mafunzo ya silaha, na barua ya mwajiri. Piga nakala ya kila kitu kila unapopata muhuri mpya, maana faili hupotea ngazi ya kati, si juu wala chini.

Ushauri mmoja kwa wenzangu: kabidhi makaratasi kwa mkono wa kulia. Mimi nilimnyoshea afande mmoja faili kwa kushoto, kwa mazoea, akaliangalia tu likining'inia hewani. "Kwenu hamkufundishwa?" Nikamwambia, afande, soma kichwa cha maombi. Akasoma, akacheka mpaka akaita mwenzake.

Ukikubaliwa, bunduki hupelekwa polisi kusajiliwa na kuchukuliwa alama. Agizo hilo la Rais ni la mwaka 2018, baada ya mbunge Ibrahim Abiriga kuuawa: bunduki hupigwa, risasi na ganda vikahifadhiwa, kwa kuwa kila mtutu huacha mikwaruzo yake. Kwa mtumba, hii ndiyo nafasi ya kuhakikisha kumbukumbu zake zimehamia kwako. Pesa yangu yote ilitoka siku hiyo, hata shilingi haikutangulia.

Cheti ni cha mwaka mmoja. Nunua kabati la chuma kabla bunduki haijafika, na usiwaonyeshe majirani kabati. Mimi huanza kuhuisha mwezi mzima kabla ya tarehe, kwa sababu kutoka Moroto hadi makao makuu ya polisi Naguru ni safari ya kutwa, na mwenye kalamu mara nyingi amekwenda kula.