Majina ya programu na faili: yamalizeni kabla ya kuandika mstari wa kwanza

Kabla timu yenu haijaanza kuandika mfumo wa mauzo au wa mishahara, ketini nusu siku mkubaliane majina: ya programu, ya majedwali na safu zake, ya ripoti, na ya faili zitakazokuwa zikienda benki kila mwisho wa mwezi. Najua ni vigumu kutenga nusu siku wakati mteja wa Industrial Area anapiga simu kila asubuhi kuuliza mfumo utaanza lini. Itengeni hivyohivyo. Jina likishatapakaa katika programu nzima na mteja ameshaanza kutoa ankara, kulibadilisha ni kazi ya hatari.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: usitie ndani ya jina kitu ambacho Bunge au Wizara ya Fedha inaweza kukibadilisha. Hapa Kenya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14 Aprili 2020, ikarudi 16 Januari 2021. Programu iliyoitwa hesabu_vat16 ilikaa miezi tisa ikisema 16 huku ikikokotoa 14, na yeyote aliyeajiriwa katikati ya kipindi hicho aliliamini jina, kwa sababu jina ndilo mtu husoma kwanza. Iiteni hesabu_vat basi. Kiwango chenyewe kikae kwenye jedwali, pamoja na tarehe kinapoanza na kinapokoma, maana ankara ya Novemba 2020 ikirekebishwa leo inadai kiwango cha siku ile.

Mishahara ndiyo iliyotufunza zaidi. Mifumo mingi ilikuwa na safu iitwayo nhif. Hiyo ni NHIF, bima ya afya ya taifa. Oktoba 2024 NHIF ikaondoka, ikaja SHIF, bima ya afya iliyochukua nafasi yake, na si jina tu lililobadilika: NHIF ilikatwa kwa ngazi, ya juu kabisa ikiwa shilingi 1,700, ilhali SHIF ni asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, bila kikomo cha juu. Ukiacha thamani za SHIF ziingie kwenye safu ya nhif, mfumo utafanya kazi, ila kila anayeusoma atapotoka. Ukiibadilisha safu iitwe shif, basi hati za mishahara za 2019 zitachapishwa zikionyesha bima ambayo haikuwepo. Jina linalostahimili ni makato_bima_afya. Neno NHIF au SHIF, linaloonekana na mfanyakazi kwenye hati yake, linatoka kwenye jedwali kulingana na mwezi wa mshahara. Jina la mteja nalo liondoeni kwenye programu. Duka la leo liko Kirinyaga Road, la kesho litakuwa Nakuru, na mfumo ni uleule.

Kisha ulizeni mapema: mfumo utakaa kwenye mashine gani? Kwa kawaida Windows huona Ankara.php na ankara.php kuwa faili moja. Linux huona mbili. Ndiyo sababu kazi inayokwenda vizuri kwenye laptopu hupandishwa kwenye seva ikaanza kulalamika kwamba faili haipo. MySQL, moja ya mifumo ya kuhifadhi data, ina tabia hiyohiyo kwa majina ya majedwali. PostgreSQL, mfumo mwingine wa aina hiyo, hugeuza kila jina lisilofungwa kwa alama za kunukuu kuwa herufi ndogo. Herufi ndogo kila mahali, kistari cha chini kati ya maneno, bila nafasi: mkikubaliana hivyo, shida yote hiyo inakwisha. Angalieni na urefu. PostgreSQL hukata jina linalozidi baiti 63, Oracle, nayo ya kuhifadhi data, ilikomea 30 hadi toleo la 12.2 lilipofikisha 128, na IBM i, mfumo endeshi wa seva za IBM, hukubali herufi 10 tu kwa jina la programu.

Faili za tarehe ziandikwe mwaka kwanza: malipo_2025-03-31_01.csv. Mkwaju tuliouzoea katika 31/3/2025 haukubaliki kwenye jina la faili, na mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, ambao ndio wa ISO 8601, kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe, hujipanga wenyewe kwenye folda. Hiyo 01 ya mwisho, inayoonyesha faili ni ya ngapi, msiipuuze. Mfikirie mhasibu, Ijumaa saa kumi na moja jioni, mbele yake kuna malipo_mwisho.csv, malipo_mwisho_mpya.csv na malipo_sahihi.csv, na benki inangoja faili moja. Mtu huyo anaweza kuwalipa watu mara mbili, na kosa si lake.

Maneno ya biashara yachukueni kwa mhasibu na mtu wa stoo wenyewe. Wao wanajua kwamba ankara hudai pesa na risiti huthibitisha pesa imeingia. Jedwali la ankara likiitwa risiti, ripoti ya madeni itakosea tangu siku ya kwanza. Mkichagua mteja, iwe mteja kila mahali, isiwe kastoma huku na mnunuzi kule.

Makubaliano yaandikwe ukurasa mmoja, kila kanuni na mfano wake, yakae ndani ya folda ya mradi pale msimbo ulipo. Na kama mmerithi mfumo wenye majina mabaya, msiyabadilishe yote kwa mkupuo. Badilisheni lile mnaloligusa wiki hii, mlihifadhi kama badiliko la peke yake. Kabla ya hapo, tafuteni kazi zinazojiendesha usiku na muulizeni mhasibu kama ana faili ya Excel inayosoma safu hiyo kwa jina lake la zamani. Mara nyingi anayo.