Kumpima senta kijana kabla ya drafti ya NBA: tazama miguu yake kwenye skrini

Wiki iliyopita nilikaa na kijana anayejifunza uskauti wa mpira wa kikapu, yaani kazi ya kutafuta na kupima wachezaji. Alikuwa ameandika kurasa nne kuhusu senta (mchezaji mrefu wa karibu na ringi) wa miaka 19: urefu wake, dunki zake, mitupo aliyoifuta hewani. Nikamuuliza jambo moja. Gadi (mwepesi anayeongoza mpira) wa timu pinzani akiwekewa skrini, yaani mwenzake akisimama njiani kumzuia mlinzi wake, mbele ya huyu senta wako, mguu wa kwanza wa senta unakwenda wapi? Akanyamaza. Tukafungua video upya, tukaanza mwanzo, na siku chache baadaye alikuwa na ripoti nyingine kabisa. Njia tuliyopita ndiyo hii, kwa mpangilio uleule.

Nachukulia kwamba unajua kusoma takwimu za mechi na una mahali pa kupata mechi nzima. Hayo sitayaeleza.

Hatua ya 1: Vipimo vya mwili

Kila Mei, kabla ya drafti (siku timu za NBA zinapoita wachezaji wapya kwa zamu), vijana wanaoalikwa Chicago hupimwa urefu bila viatu, upana wa mikono, uzito, kiganja, mruko, wepesi wa miguu, na kimo cha mkono ulioinuliwa. Kwa senta, anza na hicho cha mwisho: amesimama wima, nyayo zote chini, mkono juu. Kichwa hakizuii mtupo. Vijana wawili wenye urefu mmoja wanaweza kupishana sana kwenye mkono kwa sababu ya shingo na mabega, na anayefika juu zaidi ndiye mrefu wa kweli uwanjani.

Ringi iko mita 3.05. Senta Rudy Gobert alipopimwa mwaka 2013 alifika mita 2.92 bila kuruka, na bado majina 26 yaliitwa kabla ya lake. Tangu hapo ametwaa tuzo ya mlinzi bora wa NBA mara 4.

Hatua ya 2: Umri na dakika

Andika umri kwa miaka na miezi. Kijana anaruhusiwa kuingia drafti mwaka anaotimiza miaka 19, kwa hiyo kwenye orodha moja utakuta wa miaka 19 na wa miaka 22, na ribaundi 10 (mipira anayoidaka mtupo ukikosa) za mmoja si sawa na ribaundi 10 za mwingine. Kisha geuza takwimu zote ziwe za dakika 40, maana ndizo dakika za mechi ya vyuo vya Marekani na ya kimataifa (NBA ni 48). Zitazame faulo kwa makini. Anayefikisha faulo 5 kwa dakika 25 huko aliko, faulo 6 za NBA hazitamfikisha mbali.

Hatua ya 3: Mechi sita nzima

Usianze na video za mbwembwe. Nalisema hili kwa ukali kwa sababu nimeona ripoti nyingi zikiharibikia hapo: ukishaona dunki ishirini mfululizo, jicho lako limeshaamua. Tafuta mechi mbili dhidi ya senta mzito, mbili dhidi ya magadi wepesi, na mbili ambazo timu yake ilifungwa vibaya. Zima sauti ya mtangazaji. Tumia daftari na penseli. Zipo programu zinazokukatia vipande na kuvipa majina tayari, na wenzangu wengi wanazipenda, ila mimi sizitumii kwa mchezaji wa ndani: kazi yake kubwa hufanyika kabla kipande hakijaanza, wakati mpira uko upande wa pili wa uwanja.

Hatua ya 4: Skrini

Hii ndiyo hatua iliyowahi kunigharimu siku mbili nzima, kwa hiyo nitakaa hapa.

Nilikuwa namfuatilia senta ambaye kila gadi akipita skrini, yeye alikuwa chini karibu na ringi. Gadi anasimama mita nne au tano, anarusha, anafunga. Nikahesabu zaidi ya mara mia moja, na pembeni nikaandika: mzito, hatoki, anaogopa nafasi pana. Siku ya pili nikafika kwenye mechi ambayo alipata faulo mapema akakaa benchi. Mbadala wake akaingia, akasimama palepale. Skrini ya pili, palepale. Ya tatu, palepale. Yale yalikuwa maagizo ya kocha: kaa chini, linda ringi, waachie mtupo wa katikati. Nilikuwa nimemhukumu kijana kwa utiifu wake. Nilifuta alama zote nikaanza upya.

Kwa hiyo, kabla ya kumpa alama yoyote, tafuta ameagizwa nini. Maagizo ya kawaida ni matatu. Kushuka: senta anarudi kuelekea ringi na kumsubiri gadi huko. Kutoka: anaruka mbele ya gadi, anamzuia kidogo, kisha anarudi kwa mtu wake. Kubadilishana: anamchukua gadi moja kwa moja, na mwenzake anachukua mtu wa ndani.

Jinsi ya kujua: kwanza, mtazame mbadala wake. Wakifanya kitu kilekile, ni agizo. Lakini mbadala naye anaweza kukudanganya, kwa sababu kocha akiwa na mbadala mfupi na mwepesi humpa agizo lake peke yake. Hapo mtazame mlinzi wa tatu, yule aliye kona ya upande usio na mpira. Akiingia mapema eneo la ndani kumpokea anayekata kuelekea ringi, timu imekubaliana kwamba senta atatoka. Akibaki na mtu wake, wanamtegemea senta awe chini. Pia gawanya mechi: robo ya mwisho, dhidi ya gadi mwenye mkono mzuri wa mbali, agizo hubadilika mara nyingi, na ukichanganya robo zote utadhani kijana anasitasita ilhali anafuata neno jipya lililotolewa kwenye mapumziko.

Kuna sheria pia. Tangu msimu wa 2001-02, mlinzi wa NBA haruhusiwi kukaa eneo la ndani zaidi ya sekunde 3 bila kumkaba mtu kwa karibu. Mechi za vyuo na za kimataifa hazina katazo hilo kwa mlinzi. Senta anayepiga kambi chini ya ringi huko aliko atakuwa na mitupo mingi aliyozuia, na sehemu ya mitupo hiyo haitamfuata. Kila anapozuia mtupo, rudisha video sekunde chache uone alikuwa wapi. Kama alikuwa amesimama ndani muda wote, weka alama tofauti na ile ya aliyekuja kutoka nje.

Ukishalijua agizo, ndipo unapima yale ambayo agizo halimchagulii. Mimi huandika herufi tatu tu.

M ni mguu. Simamisha video pale skrini inapogusa. Magoti yamekunjwa au yamenyooka? Iachie, uangalie kichwa chake. Kikipanda na kushuka anapohama, anatembea kwa miguu iliyonyooka, na gadi wa NBA atampita kabla hajakunja goti. Kikibaki usawa mmoja, ana msingi.

K ni kiuno. Anayeshuka analinda watu wawili kwa pamoja, mwenye mpira na anayekata, na kazi yake ni kuchelewesha uamuzi. Hesabu madunda. Je, anabaki katikati ya wale wawili kwa madunda mangapi kabla hajageuza kiuno na kumfungulia mmoja njia? Dunda moja ni udhaifu. Matatu ni kipaji. Tenganisha kushoto na kulia, maana vijana wengi wana upande mmoja ambao kiuno hufunguka mapema, na magadi wazoefu wataugundua ndani ya wiki.

R ni kurudia. Ameshindwa mara ya kwanza: gadi amempita, au ameruka akakosa. Sekunde mbili zinazofuata anafanya nini? Hapa ndipo napenda mchezaji au simpendi, nakiri wazi. Anayetua na kuruka tena, anayegeuka kumtafuta mtu wa kumzuia asifike kwenye ribaundi, huyo naweza kumngoja miaka miwili.

Usihesabu matokeo ya mtupo. Mtupo wa wazi uliokosa bado ni kosa la mlinzi, na mtupo mgumu ulioingia bado ni ulinzi mzuri. Akiwa wa kubadilishana, angalia kama gadi alilazimika kurudi nyuma na kurushia mbali kuliko alivyotaka. Usitoe hukumu kabla ya skrini 40 zenye agizo moja. Hizi 40 zinaweza kumaliza mechi zako zote sita, na zisipotosha, ongeza mechi.

Hatua ya 5: Nguvu ya chini

Wasomaji wa Kiswahili tunalikumbuka jina la Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Mwaka 2009 aliitwa wa pili, nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden, na Stephen Curry alikuwa wa saba. Msimu wake wa mwisho chuoni Connecticut alikuwa akizuia wastani wa mitupo 4.2 kwa mechi. Bado naumia nikifikiria alivyopokelewa baadaye, kwa sababu alikuwa ameanza mpira huu akiwa kijana wa miaka 15 hivi na alihitaji muda mrefu wa kujengwa.

Mechi ya kujifunzia ni ile ya Februari 2009 dhidi ya Pittsburgh. DeJuan Blair wa Pittsburgh, aliyekuwa mfupi kuliko yeye kwa sentimita karibu 20, alichota ribaundi 23. Usitazame mikono katika mechi ile, tazama makalio na mapaja: nani anafika kwanza mahali, na nani anasukumwa mpira ungali hewani. Kwa senta wako, hesabu mara anazosukumwa hatua moja au zaidi kabla mtupo haujafika kwenye ringi. Kijana mwembamba wa miaka 19 ataongeza kilo, lakini anayesubiri kuguswa ndipo ajipange ana tatizo la tabia, na kilo hazitalitibu.

Hatua ya 6: Mkono na macho

Kujua kama atarusha mbali siku za mbele, mitupo huru (ile ya baada ya faulo, bila mlinzi mbele) inasema zaidi ya mitupo ya pointi tatu, ambayo senta kijana hurusha michache mno. Senta Brook Lopez alifunga mitupo 3 tu ya pointi tatu katika misimu yake minane ya kwanza NBA, kisha msimu wa 2016-17 akafunga 134. Mkono ulikuwepo muda wote, kwa kuwa tangu msimu wa kwanza alikuwa akifunga mitupo huru karibu asilimia 80. Tahadhari ya idadi: aliyefunga 35 kati ya 50 ni asilimia 70 kwenye karatasi, ila uwezo wake halisi unaweza kuwa 60 au 80. Unganisha misimu yote unayoweza kupata, ya vijana na ya timu ya taifa.

Macho hupimwa pale anapopokea pasi katikati baada ya skrini, walinzi watatu mbele yake. Ameshajua pasi inakwenda wapi kabla mpira haujamfikia? Senta Nikola Jokić aliitwa wa 41 mwaka 2014. Miguu yake ilikuwa mizito na mruko hakuwa nao, ila aliona uwanja wote, na ana tuzo tatu za mchezaji bora. Basi senta akifeli hatua ya 4 na macho yake yakawa ya namna hiyo, usimfute.

Hatua ya 7: Majeraha

Faili la daktari hutaliona kama hufanyi kazi ndani ya timu. Andika mahali pa jeraha, mara ngapi, na mechi alizokosa, kisha tazama anavyotua: miguu miwili au mmoja, mguu uleule kila mara au la. Sam Bowie aliitwa wa pili mwaka 1984, mbele ya Michael Jordan, baada ya kukosa misimu miwili chuoni kwa sababu ya mguu. Greg Oden, wa kwanza mwaka 2007, alifanyiwa upasuaji wa goti kabla ya mechi yake ya kwanza na akamaliza na mechi 105 tu NBA. Joel Embiid aliitwa wa tatu mwaka 2014 siku chache baada ya upasuaji wa mfupa wa mguu, akakaa nje misimu miwili, na mwaka 2023 akawa mchezaji bora. Mfupa na goti usivipe hukumu moja.

Hatua ya 8: Ripoti

Ukurasa mmoja. Anachoweza siku ya kwanza, anachoweza kufundishwa, kisichobadilika. Urefu weka mwishoni.

Yule kijana alifungua ripoti yake ya pili hivi: "Ameagizwa kushuka. Anawashika wote wawili hadi dunda la tatu kulia, la kwanza kushoto." Senta yuleyule wa kurasa nne, na safari hii nilimwona.