Kabla Hujaanza Kuwasoma Wadhanaishi

Wadhanaishi ni wanafalsafa wanaouliza maana ya kuwepo kwa binadamu na uhuru wake wa kuchagua. Usianze na Mjerumani Martin Heidegger. Wengi hukifungua kitabu chake Sein und Zeit cha 1927 kwa kuwa kimesifiwa kuwa msingi, wakakwama kurasa za mwanzo na kuiacha falsafa yenyewe. Anza na hotuba ya Mfaransa Jean-Paul Sartre, L'existentialisme est un humanisme (Udhanaishi ni Ubinadamu), aliyoitoa Paris Oktoba 1945 na kuchapishwa mwaka uliofuata. Ni fupi, na aliitoa mbele ya watu wa kawaida.

Shika kwanza hoja yake kuu: kuwepo hutangulia kiini. Fundi wa kisu cha kukatia karatasi hujua kazi ya kisu kabla hajakiunda. Binadamu, asema Sartre, hana fundi wa namna hiyo. Kwanza yupo, kisha matendo yake ndiyo yanayomfanya awe nani. Usiisome hoja hii kama ruhusa ya kufanya utakalo, kwa maana ni mzigo mzito. Ufaransa ilipokuwa imekaliwa na Wajerumani, kijana mmoja alimwendea Sartre kuomba ushauri. Kaka yake alikuwa ameuawa vitani, na mama yake hakuwa na faraja nyingine ila yeye. Aende Uingereza kujiunga na wapiganaji wa Ufaransa Huru, au abaki na mama? Si dini wala si Kant, mwanafalsafa wa maadili, aliyeweza kumwamulia. Sartre alimjibu kuwa yuko huru, basi achague. Ukifika hapo, weka kitabu chini ujiulize wewe ungefanya nini. Anayeruka swali hilo ataondoka na misamiati tu.

Jua pia kwamba hawa si kundi moja. Kierkegaard, Mdenmark aliyefariki 1855, alikuwa Mkristo wa dhati, kwa hiyo muumini hana sababu ya kuogopa mlangoni. Albert Camus, mwandishi Mfaransa, alikataa kuitwa mdhanaishi. Heidegger alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1933, na mtu aliyeandika kuhusu kuishi kwa ukweli wa nafsi lazima aulizwe juu ya hilo.

Mwanafalsafa Mfaransa Simone de Beauvoir usimwache mwisho. Mwaka 1949 aliuliza uhuru una maana gani kwa mwanamke ambaye jamii imekwisha kumpangia awe nani. Kwangu, hapo ndipo falsafa hii inapokomaa.

Kisha chukua Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya 1974. Kazimoto, mhusika wake mkuu, na Camus wanasumbuliwa na swali lilelile, kama maisha yana thamani ya kuyaishi, lakini majibu yao yanapishana kabisa.