Kuchagua kebo ya mashine inayotembea: mwongozo kwa mafundi wa viwanda vya mbao, Mafinga hadi Mbeya

Ukiingia duka la vifaa vya umeme Mwanjelwa au Mafinga mjini na kusema unataka waya wa mashine, utaulizwa kwanza, "Milimita ngapi?", yaani shaba ya waya ina milimita ngapi za mraba. Kwa mashine iliyofungwa sakafuni kwa bolti, hilo ni swali sahihi. Kwa mashine inayotembea, ni swali la tatu. Kebo inayokunjwa na kunyooshwa kutwa nzima haiuliwi na ampea, inauliwa na kukunjwa. Uzi mmoja wa shaba unakatika, wa pili unafuata, zilizobaki zinabeba mzigo wote, pale panapata moto, na siku moja mota inaunguruma bila kuzunguka kwa sababu fezi moja imepotea. Kwa hiyo tutaanza na mwendo, tuje kwenye mazingira, na milimita zifuate.

Mfano wangu ni msumeno wa mkanda wa kulala, ule ambao kichwa chake kinatembea juu ya reli huku gogo la msindano limetulia. Mota ni kilowati 7.5, volti 400, fezi tatu, na reli ina mita 8. Mashine za namna hii zipo nyingi Mufindi na Njombe. Kama umezoea dingdong ya dizeli, ule msumeno wa duara, kebo inayosafiri pamoja na mota itakuwa kitu kigeni kwako, na ndiyo itakayokusimamishia kazi mara nyingi kuliko mkanda wenyewe. Kanuni hizi hizi zinafaa kwa kreni ya karakana na konveya inayosogezwa kwenye mashine za mpunga kule Mbarali.

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Zima umeme, funga swichi kuu kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako, kisha pima uhakikishe hakuna umeme.

Hatua ya 1: Tazama kebo itatembeaje

Simama kando ya mashine ikiwa imezimwa, isukume kwa mkono kutoka mwanzo wa reli hadi mwisho, na ufuatilie kebo itakapopita. Ikilala ndani ya mnyororo wa plastiki au chuma, ule wenye pingili zilizo wazi katikati za kupitishia kebo, itakunjwa mahali palepale kwa kipimo kilekile kila safari. Ikining'inia kwenye vigari vidogo vinavyoteleza juu, kama kwenye kreni, inakunjwa kwa upole zaidi lakini inabeba uzito wake. Ikijizungusha kwenye ngoma, inavutwa na pia inahifadhi joto. Na kama mashine inageuka huku na huku, kebo inasokotwa, na huo ndio mwendo mbaya kuliko yote. Kwa mwendo huo tafuta kebo ambayo mtengenezaji ameandika wazi kwamba inastahimili kusokotwa.

Halafu hesabu safari. Kiwanda kinachopasua mbao 300 kwa siku, kwa siku 300 za mwaka, kinaipeleka na kuirudisha kebo mara 90,000. Kebo za mnyororo hujaribiwa na watengenezaji kwa mamilioni ya safari. Waya wa kawaida wa kuchomekea vifaa vya nyumbani haukutengenezwa kwa kazi hiyo hata kidogo, hata ukiwa mnene.

Hatua ya 2: Chunguza shaba

Kiwango cha kimataifa IEC 60228 kinagawa nyaya kwa madaraja. Daraja la 1 ni waya mmoja mgumu, la 2 ni nyuzi chache nene, la 5 ni laini, na la 6 ni laini zaidi. Chukua waya wa milimita 2.5 za mraba. Daraja la 2 linaweza kuwa na nyuzi saba tu. Daraja la 5 haliruhusu uzi mnene kuliko milimita 0.26, kwa hiyo utakuta kama nyuzi 50. Daraja la 6 halizidi milimita 0.16, na hapo unapata zaidi ya nyuzi 120. Uzi ukiwa mwembamba, unapokunjwa hauvutiki sana upande wa nje, ndiyo maana unachelewa kuchoka. Daraja la 1 na la 2 yaishie ukutani. Kwenye vigari vya kuning'inia daraja la 5 linatosha. Kwenye mnyororo unaofanya kazi kutwa, ningenunua la 6 hata kama bei inauma.

Jambo jingine ambalo duka halikuambii ni jinsi nyaya za ndani zilivyopangwa. Kebo nzuri ya mnyororo imesokotwa kwa mzunguko mfupi, na ganda la nje limejaza mianya yote kati ya nyaya. Ile ya kawaida ina ganda lililovutwa juu kama bomba, nyaya zinacheza ndani, na baada ya muda kebo nzima inajikunja kama mkia wa nguruwe. Ikifika hapo, hakuna namna ya kuinyoosha ikapona.

Sasa suala la shaba bandia, ambalo linanikera kwa sababu linaweza kumuua mtu. Kuna kebo zinazouzwa kama shaba huku ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini hiyo inavunjika haraka inapokunjwa mara kwa mara. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, irudishe. Kipimo cha uhakika zaidi ni mizani ndogo ya sonara. Kata mita moja, menya waya mmoja, pima shaba tupu. Milimita 2.5 za shaba halisi ina uzito wa karibu gramu 22 kwa mita, na milimita 4 karibu gramu 36. Ikipungua kidogo si hoja. Ikiwa nusu, umeuziwa alumini au umepunjwa unene. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia kipimo hiki.

Hatua ya 3: Chagua ganda kulingana na kiwanda chako

Ganda la PVC ni rahisi kupatikana, lakini asubuhi ya Juni au Julai kule Mufindi linakuwa gumu, na mashine inaanza kulikunja kabla halijapata joto. Nyufa huanzia hapo. Jua la nyanda za juu nalo ni kali kuliko baridi inavyokudanganya, na PVC isiyotengenezwa kwa matumizi ya nje inapauka na kukakamaa.

Kuna adui mwingine ambaye tunamleta wenyewe. Waendesha msumeno wengi wanadondoshea dizeli kwenye mkanda ili utomvu wa msindano usigande. Dizeli hiyo inatiririka mpaka kwenye kebo. Mpira wa kawaida unavimba na kulainika, PVC inapoteza ulaini wake. Kebo ya mpira yenye alama H07RN-F, ambayo ganda lake la nje kwa kawaida ni kloropreni (aina ya mpira wa viwandani), inavumilia mafuta kwa kiasi, jua na maji, na ninaiamini kwa kebo za kuning'inia na zinazoburuzwa. Kwa mnyororo, ganda la poliyurethani (aina ya plastiki ngumu) ndilo linaloshinda: haliogopi mafuta, linastahimili msuguano wa vumbi la mbao, na halikatiki kirahisi. Usiiweke H07RN-F kwenye mnyororo wenye kasi ukitegemea itadumu; mpira unanata na kusuguana na kuta za mnyororo.

Hatua ya 4: Sasa milimita

Mota ya kilowati 7.5 kwa volti 400 inakula karibu ampea 15. Tuseme kutoka kwenye bodi ya umeme hadi kwenye mota ni mita 60. Kwa milimita 2.5, kebo ikiwa na joto la kazi, utapoteza karibu volti 13, yaani asilimia 3 na kidogo. Kwa milimita 4 unapoteza karibu volti 8, asilimia 2. Umeme ukiwa umeshapungua kabla ya kufika kiwandani, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mota itaondoka au itanung'unika. Mimi naweka 4.

Kebo ikikaa kwenye ngoma, punguza mzigo. Tabaka moja inabeba asilimia 80 ya uwezo wake, tabaka mbili 61, tabaka tatu 49. Kebo iliyopimwa ikiwa imenyooka inaweza kuyeyuka ikiwa ngomani.

Usisahau stata, yaani swichi ya kuanzishia mota. Ikiwa ni ya sta-delta, ile inayoanzisha mota kwa nguvu ndogo kwanza, na iko ukutani, utahitaji nyaya sita pamoja na ethi kwenye kebo inayotembea. Mota ikiendeshwa na inveta (kifaa cha kubadili kasi ya mota), chagua kebo yenye wavu wa shaba uliosukwa. Karatasi ya alumini pekee itapasuka kwa kukunjwa. Ethi iwe na unene sawa na fezi.

Hatua ya 5: Pima pindo na mnyororo

Pima unene wa kebo kwa vernia. Kebo nyingi za mnyororo zinaruhusu nusu kipenyo cha pindo cha mara 7.5 hadi 10 ya unene huo. Soma karatasi ya mtengenezaji, na kama nafasi ipo, tumia 10. Kebo ya milimita 15 inataka pindo la milimita 150.

Weka sehemu ya kuingilia kebo katikati ya reli, si mwishoni. Kwa hiyo mnyororo unahitaji nusu ya safari, mita 4, ukiongeza urefu wa pindo lenyewe, karibu mita 0.47, na pingili mbili za akiba: kama mita 4.6. Ukiingilia mwishoni mwa reli utanunua karibu mara mbili.

Hatua ya 6: Ifungue bila kuisokota

Hapa kebo nyingi mpya zinauawa kabla hazijawashwa. Usivute mizunguko kutoka kwenye koili iliyolala chini. Kila mzunguko unaingiza msokoto mmoja ndani ya kebo. Ngoma izunguke kwenye bomba, mtu mmoja aishike, mwingine avute. Kisha ilaze sakafuni au itundike usiku mzima itulie. Maandishi ya pembeni yanayokwenda mstari mmoja bila kuzunguka ndiyo dalili kwamba uko salama.

Hatua ya 7: Funga

Kebo ibanwe ncha zote mbili za mnyororo, kwa kibano kipana chenye mpira, si kwa waya wa kufungia nondo. Ndani ya mnyororo usiifunge popote, na iachie nafasi ya asilimia 10 ya unene wake. Kebo nene na nyembamba zitenganishwe kwa vigawanyo, la sivyo nyembamba itapanda juu ya nene na kubanwa.

Ndani ya kisanduku cha mota, acha waya wa ethi mrefu kuliko fezi. Siku kebo ikivutwa, fezi zing'oke kwanza na ethi iwe ya mwisho. Zingatia hili sana, kwa sababu fezi ikikatika mashine inasimama na kila mtu anajua, lakini ethi ikikatika mashine inaendelea kupasua mbao kama kawaida huku mwili wake wa chuma ukisubiri kosa moja la kumpiga kijana aliyesimama kwenye maganda mabichi ya magogo.

Hatua ya 8: Pima, kisha rudia kila mwezi

Tenganisha inveta kama ipo, kisha pima uzuiaji wa umeme kati ya nyaya na ethi kwa mega (kipima uzuiaji) ya volti 500. Chini ya megaohmu 1 usiwashe. Pima mwendelezo wa ethi wakati mwenzako anaisukuma mashine polepole reli nzima. Mita ikirukaruka mahali fulani, nyuzi zimeanza kukatika hapo, hata kama ganda ni zima. Pitisha mkono juu ya kebo mara tu baada ya kuzima na kufunga kufuli: sehemu yenye joto kuliko nyingine, iliyovimba au iliyolegea, ina tatizo ndani. Toa vumbi la mbao kwenye mnyororo, maana linashindiliwa na kuwalaza panya.

Kebo ikikatika kwenye sehemu inayotembea, usiiunge, hata kwa kiungio kizuri. Kiungio hakikunjiki, kitahamishia mkunjo wote pembeni yake na itakatika tena sentimita chache mbele. Badilisha urefu wote kutoka kibano hadi kibano. Kipande kizima kilichobaki kitumie kwenye mashine isiyotembea, na andika kwa rangi kwenye ganda lake kwamba kimeshatumika, ili fundi atakayekuja baada yako asikirudishe kwenye mnyororo.