Fremu ya kioo cha ukutani kwa trei za mayai na boksi la televisheni

Banda la chipsi linalouza vizuri halikosi rundo la trei za mayai kufikia jioni, na nyingi huishia kuwashia jiko. Ziombe mapema. Kila kikombe cha trei kina pande nne, yaani petali nne tayari.

Chukua trei tatu za karatasi, zile za mayai 30, kavu kabisa. Iliyopasukiwa na yai iache, kwa sababu mende wataifuata hata ukiipaka rangi. Tafuta pia boksi gumu lenye unene wa milimita 3 hadi 4, gundi nyeupe ya mbao, rangi ya maji, kamba ya katani, na kioo cha duara cha sentimita 30 chenye unene wa milimita 3. Fundi vioo atakukatia.

Hatua ya 1: mgongo. Hapa usiwe na haraka, maana kioo hiki kina uzito wa nusu kilo hivi. Kata maduara matatu ya sentimita 50. La nyuma libaki zima. La kati litoboe tundu la sentimita 30, kioo kiingie humo. La mbele tundu lake liwe sentimita 28, ili ukingo ukishike kioo kisidondoke. Kioo chenyewe usikipake gundi, kwani gundi nyingine hula rangi yake ya nyuma na kuacha madoa.

Hatua ya 2: kamba. Ipitishe kwenye matundu mawili ya duara la nyuma, karibu na ukingo, mafundo yabaki ndani. Duara la kati likate kidogo yanapokaa mafundo. Ukisahau kamba sasa, baadaye hakuna pa kuifungia.

Hatua ya 3: gundi. Gundisha maduara yote matatu, kioo kikiwa ndani ya la kati. Mawimbi ya ndani ya boksi yapishane: duara moja yasimame, linalofuata yalale. Ukiyaelekeza upande mmoja, fremu itapinda. Weka vitabu vizito pembeni, si juu ya kioo, uache hadi kesho.

Hatua ya 4: maua. Kata vikombe kimoja kimoja. Pasua kona zake nne hadi karibu na kitako, kisha kata ncha kwa mkasi ziwe za mviringo. Lowesha vidole, bana kila petali katikati na uikunje nje taratibu. Karatasi ikilowa sana inachanika. Chukua kikombe kingine, kipunguze, kigundishe ndani ya cha kwanza huku petali zake zikikaa kwenye nafasi za zile za chini. Hapo ua linajaa.

Hatua ya 5: rangi. Paka kabla ya kubandika. Napenda rangi moja iliyochanganywa na nyeupe kwa viwango vitatu, iliyokolea ikae ndani. Dhahabu tupu huficha umbo la petali.

Bandika ukianzia nje, maua yazidi ukingo kidogo ili boksi lisionekane. Ning'iniza kwa msumari wa zege, sebuleni au chumbani, si bafuni kwenye mvuke. Vumbi litoe kwa brashi kavu.