Jinsi ya Kukaa Vizuri katika Hoteli Kongwe ya Kifahari Katikati ya Jiji

Msafiri wa kikazi anayechagua hoteli kongwe ya kifahari katikati ya jiji kwa kawaida hufanya hivyo kwa sababu iko hatua chache kutoka kwenye ofisi, benki au mahakama anayoiendea. Sababu hiyo inatosha, ila inambidi ajue jambo moja ambalo matangazo hayalisemi waziwazi: vyumba vya hoteli hiyo havifanani. Jengo lililokarabatiwa kwa awamu katika miongo mingi huweza kuwa na chumba kipana chenye mwanga na kingine chembamba kinachotazama ukuta, vyote viwili vikiuzwa kwa jina moja na bei moja.

Kwa hiyo, ukishaweka nafasi, piga simu hotelini siku mbili au tatu kabla ya kufika na uombe kuzungumza na watu wa mapokezi walio ndani ya jengo lenyewe, kwa kuwa wao ndio wanaojua kila chumba kinatazama wapi. Waulize ni ghorofa zipi zilizokarabatiwa, lini, na ni kitu gani hasa kilichobadilishwa. Kupaka rangi na kutandika mazulia mapya ni kazi moja, kubadilisha mabomba, nyaya na madirisha ni kazi nyingine kabisa, na hoteli nyingi huziita zote mbili ukarabati. Uliza vilevile kama kuna ujenzi unaoendelea na unaanza saa ngapi asubuhi.

Kisha omba chumba kwa kutaja mahali pake. Majengo mengi yaliyotangulia enzi ya viyoyozi yaliachiwa uwazi katikati ili hewa na mwanga vifike vyumba vya ndani. Chumba kinachotazama uwazi huo huwa na giza na hakina mandhari yoyote, lakini kelele za magari hazikifikii. Mimi hukichagua kila ninapokuwa na mikutano mchana kutwa, kwani chumba chenyewe nakitumia kwa kulala tu. Hakikisha tu kwamba feni za kutolea moshi wa jikoni hazipumulii humo. Anayetaka kufanya kazi chumbani ni afadhali aombe chumba cha kona, ambacho aghalabu kina madirisha pande mbili. Vyovyote iwavyo, kataa chumba kinachopakana na lifti au mashine ya barafu, na kataa chenye mlango wa kuunganisha na chumba jirani, maana kuta nene za zamani huzuia sauti vizuri ilhali mlango huo huipitisha karibu yote.

Ukipewa ufunguo, usifungue sanduku kabla ya kukagua. Anza na bafu. Bafu ndani ya kila chumba halikuwa jambo la kawaida hapo zamani. Ellsworth Statler alipofungua hoteli yake mjini Buffalo, Marekani, mwaka 1908, alilifanya kuwa kivutio kikuu, na aliweza kulimudu kwa sababu mabafu ya vyumba jirani yalitumia njia moja ya mabomba inayopanda kutoka ghorofa hadi ghorofa. Hoteli za zamani kuliko hiyo mara nyingi ziliongezewa mabafu baadaye, ndiyo maana mengine yamebanwa kwenye pembe. Fungua maji ya moto na uyaache yatiririke kwa dakika kadhaa: yakichelewa kidogo tu, huenda chumba kiko mbali na mtambo wa kupasha maji, yasipopata moto kabisa, omba kuhamishwa papo hapo, wakati vyumba vingine bado viko wazi.

Kiyoyozi kinahitaji maelezo yake. Katika baadhi ya majengo ya zamani, mabomba yaleyale hupeleka maji baridi msimu wa joto na maji ya moto msimu wa baridi, na jengo zima hubadilishwa kwa pamoja. Majira yanapogeuka, unaweza kubonyeza kidhibiti cha joto usiku kucha pasipo kupata ubaridi wowote, wala fundi hana la kukusaidia. Uliza mapokezi ni upande gani, wa baridi au wa joto, unaofanya kazi wakati huo. Kama si unaoutaka, omba feni au chumba ambacho dirisha lake linafunguka. Kagua pia soketi zilizo karibu na kitanda na meza, ambazo huwa chache, na ubebe waya wa kurefushia. Kuta nene hudhoofisha intaneti isiyotumia waya, hivyo jaribu mkutano wa video kabla ya siku yenyewe.

Jambo la moto wengi hulipuuza. Mnamo tarehe 7 Desemba 1946, hoteli ya Winecoff mjini Atlanta, iliyokuwa ikitangazwa kwamba haiwezi kuungua, iliteketea na watu 119 wakafa. Jengo lile la ghorofa 15 lilikuwa na ngazi moja tu katikati, isiyo na milango ya kuzuia moshi. Sheria za majengo zimebadilika sana tangu hapo, lakini korido za hoteli kongwe bado zina kona nyingi. Tembea mwenyewe hadi kwenye ngazi ya dharura, hesabu milango iliyo kati yake na chumba chako, na ujaribu kama mlango wake unafunguka.

Kuhusu huduma, ukumbini utamkuta mhudumu mwenye meza yake, kazi yake ikiwa kuwatafutia wageni usafiri, tiketi na meza za mikahawa. Akiwa amevaa funguo mbili za dhahabu zilizopishana kwenye kola za koti, ni mwanachama wa Les Clefs d'Or, chama cha wahudumu wa aina hiyo kilichoanzia Paris mwaka 1929, na unaweza kumpa shughuli ngumu kwa imani. Mweleze unachohitaji mapema, pamoja na saa na kiasi unachokusudia kutumia.

Fedha ni za kuangaliwa mwanzo na mwisho. Unapofika, hoteli huzuia kiasi fulani kwenye kadi yako kama dhamana. Ukitumia kadi inayokata moja kwa moja kwenye akaunti, fedha hizo hazitumiki hata siku kadhaa baada ya kuondoka. Ikiwa utafika usiku sana, wajulishe, kwa sababu hoteli iliyouza vyumba kupita kiasi mara nyingi huwapeleka kwingine waliochelewa. Usiku wa kuamkia kuondoka, omba nakala ya bili, linganisha kila tozo na ulichotumia, na uhakikishe jina la kampuni yako limeandikwa sawasawa, kwani asubuhi foleni ya mapokezi huwa ndefu na lifti za zamani ni chache.