Mgonjwa "Anasumbua": Uandike Nini, Uweke Msimbo Gani

Mwongozo huu ni kwa waganga, wauguzi na watu wa kumbukumbu tunaojaza mafaili na fomu za NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) hapa Dodoma, pamoja na wenzetu wa Kondoa na Mpwapwa.

Hatua ya 1. Achana na neno "anasumbua". Daktari wa asubuhi hapati kitu hapo, na mkaguzi wa madai ndiyo kabisa. Andika ulichokiona, na saa yake: "Saa 8:40 usiku. Ameng'oa kanula (mrija wa dripu), anataka kushuka kitandani, anaongea na mtu asiyekuwepo, hajui yuko wapi. RASS +3." Kipimo cha RASS, cha kupima fadhaa na usingizi wa mgonjwa, huanzia −5 hadi +4; asiyetulia tu ni +1, anayeng'oa mirija ni +3. Waulize ndugu: ameanza lini, na kabla ya hapo alikuwaje?

Hatua ya 2. Pima kabla ya sindano ya kumtuliza: sukari, joto, oksijeni, presha, MRDT (kipimo cha haraka cha malaria). Gusa na kibofu. Mzee mwenye katheta (mrija wa mkojo) iliyoziba atapigana na wodi nzima.

Hatua ya 3. Sasa msimbo, yaani namba ya ugonjwa au dalili kwenye ICD-10, orodha ya magonjwa ya WHO. R45.1 ni wa dalili, yaani kutotulia na fadhaa. Unafaa chanzo kikiwa hakijajulikana. Kikijulikana, chanzo kinatangulia: malaria ya ubongo ya falsiparamu ni B50.0, deliriamu (kuchanganyikiwa kwa ghafla) ni F05, na ikimkuta mwenye demensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu) ni F05.1. Ukishaandika F05, huna haja ya kuongeza R45.1, fadhaa imo humo humo.

Panapokosewa zaidi ni kwenye pombe. Mtu kalazwa kwa kuvunjika mguu, siku ya tatu anatetemeka, jasho linamtoka, anaona wadudu ukutani. Wengi hukimbilia F20, yaani skizofrenia, na kuandika rufaa ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Skizofrenia kwa ICD-10 inataka dalili za mwezi mmoja au zaidi. Huyu ameachishwa pombe ghafla, msimbo wake ni F10.4. Na ni dharura, msimsubirishe.

Hatua ya 4. Ukitafuta mtandaoni utakutana na F03.911, wa demensia yenye fadhaa. Huo ni wa toleo la Marekani, ICD-10-CM. Kwenye ICD-10 ya WHO haumo.

Hatua ya 5. Dawa: jina, dozi, njia, saa, aliyeagiza, na hali yake baada ya nusu saa. Mkimfunga, andikeni sababu, saa ya kumfunga, nani alikuwa akimwangalia, na saa mliyomfungua.